NONDO NA VIPEPEO: JINSI WANAVYOTAFUTA MMEA WA KUTAGIA MAYAI

Mafundisho kwa wakulima wa Tunduma, Momba, Mbozi, Ileje na Songwe

1. Maana ya mafundisho haya

Kila mkulima ajua kwamba kiwavi hula majani. Lakini si wengi wajuao kwamba kiwavi hakujichagulia mwenyewe mahali pa kula. Mahali pale palichaguliwa na mama yake, naye ni nondo arukaye usiku au kipepeo arukaye mchana. Kiwavi anapotoka katika yai ni mdogo mno, hana mabawa, wala hawezi kwenda mbali kwa miguu yake. Akizaliwa juu ya mmea usiomfaa, hufa kwa njaa. Basi uhai wa watoto wote hutegemea uchaguzi wa mama, na kwa sababu hiyo mama huchagua kwa uangalifu mkubwa.

Jambo hili lamhusu mkulima kwa sababu mbili. Kwanza, anayejua jinsi mama anavyochagua aweza kumzuia, au kumdanganya, kabla hata yai moja halijatagwa. Pili, wadudu hawa hawa wakiisha kukua hutembelea maua na kuchukua unga wake, yaani chavua, kutoka ua hata ua, na bila kazi hiyo mimea mingine haizai. Anayewaua wote bila kuchagua hupoteza pia matunda ambayo wangemsaidia kuyapata.

2. Wadudu wenye maisha mawili

Maisha ya nondo na kipepeo yana hatua nne. Kwanza ni yai. Yai huzaa kiwavi, naye kazi yake ni kula na kukua. Kiwavi akiisha kushiba hujificha udongoni, au hujifunga juu ya mmea, akawa kama kokwa isiyokula wala kutembea. Mwisho, kokwa hupasuka akatoka mdudu mwenye mabawa.

Huyu mwenye mabawa hali majani tena, maana hana meno. Ana ulimi mrefu uliokunjwa kama kamba, na wengi wao hunywa mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya maua. Anapoingiza ulimi, unga wa maua hushika juu ya uso na kifua chake, naye huupeleka katika ua jingine.

Mfano ulio bora ni wa mpapai. Mipapai mingi ina miti dume na miti jike mbalimbali. Maua ya mti dume hutoa harufu nzuri jioni na yana mbochi. Maua ya mti jike hayana mbochi, lakini yanafanana nayo kidogo, na nondo huyafikia kwa kukosea. Utafiti uliotangazwa mwaka 2009, uliofanywa katika mashamba ya Kenya, ulionyesha kwamba wanaopeleka unga wa mpapai ni hasa nondo wakubwa warukao kwa kasi wakati wa magharibi, na kwamba mashamba yaliyo karibu na pori la asili hutembelewa na nondo hao zaidi kuliko yaliyo mbali. Mmoja wa nondo hao ana ulimi wa karibu sentimeta 10. Na kiwavi wake ndiye yule mnene, mwenye pembe moja mkiani, alaye majani ya viazi vitamu.

Basi mkulima wa bondeni, mwenye viazi upande huu na mipapai upande ule, hukaa na mdudu mmoja aliye adui na rafiki kwa pamoja. Hapana budi amjue vizuri ili amdhibiti kwenye viazi bila kumkosa kwenye mipapai.

3. Jinsi mama anavyotafuta

Mama mwenye mayai hutumia njia nne, moja baada ya nyingine.

Kwanza, harufu. Kila mmea hutoa harufu yake, hata kama pua ya binadamu haiisikii. Nondo huisikia kwa vipapasio vyake viwili vilivyo kichwani. Usiku, wakati rangi hazionekani vema, harufu ndiyo imwongozayo zaidi. Huruka akielekea upande ambao upepo unatoka, akiipoteza harufu na kuipata tena, hata aufikie mmea.

Pili, macho. Kipepeo wa mchana hutazama rangi na umbo la jani. Nondo naye huweza kutambua kivuli cha mmea uliosimama na weupe wa maua gizani.

Tatu, miguu. Akiisha kutua, mdudu huonja jani kwa miguu yake, maana katika miguu mna vinyweleo vyenye kuonja kama ulimi wetu. Kipepeo huonekana akipigapiga jani kwa miguu ya mbele kama mtu apigaye ngoma polepole. Asipopata ladha anayoitaka, huruka na kwenda zake.

Nne, ncha ya mkia. Baadhi ya nondo, kabla ya kutaga, huburuta ncha ya mkia juu ya bua na jani ili kupima kama ni laini au lina manyoya, na kama pana ufa wa kufichia mayai.

Ladha ni neno kubwa katika jambo hili. Mimea mingi imejiwekea sumu au uchungu wa kujilinda. Lakini wako wadudu waliozoea sumu fulani hata ikawa kwao ni alama ya nyumbani. Mwaka 1910 mtaalamu wa Uholanzi aitwaye Verschaffelt alifanya jaribio juu ya viwavi wa kabichi. Alichukua dutu kali ipatikanayo katika mimea ya jamii ya kabichi na haradali, akaipaka juu ya vitu ambavyo viwavi hao hawavili kwa desturi, nao wakavila. Hivyo ilijulikana kwamba ukali uwafukuzao wengine ndio uwavutao hao. Ndiyo sababu nondo wa kabichi haendi kwenye maharage, wala kipepeo wa mlimau hatagi juu ya mhindi.

4. Mifano katika mashamba yetu

Kipepeo wa mlimau na mchungwa. Ni mkubwa, mweusi, mwenye madoa ya manjano, na hupenda sana maua. Mama hutaga yai moja moja, la rangi ya manjano hafifu, juu ya majani machanga. Kiwavi akiwa mdogo hufanana na mavi ya ndege, hivyo ndege humpuuza. Akikua huwa wa kijani. Ukimgusa hutokeza pembe mbili laini zenye harufu kali. Mti mkubwa hauumii sana, lakini miche ya kitaluni yaweza kubaki vijiti vitupu.

Nondo wa viazi vitamu. Huyu tumekwisha mtaja. Hutaga yai moja moja juu ya majani ya viazi na ya magugu ya jamii yake yatambaayo. Kiwavi hushuka kulala udongoni, na ile kokwa yake ina kitu kilichopinda kama mkono wa birika. Humo umo ulimi mrefu utakaonywa mbochi. Mkulima akilima huiona mara nyingi.

Nondo wa funza wa mabua. Katika nyanda za juu kama Mbozi na Ileje, funza atobowaye mabua ya mahindi ni mtoto wa nondo mmoja wa rangi ya kahawia. Mama hutaga mayai kwa safu katika nafasi iliyo kati ya bua na sehemu ya jani inayolikumbatia bua. Mahali hapo pamefichika, na mkulima apitaye haraka hayaoni. Hupenda mahindi machanga, ya majuma machache tangu kuota, kwa sababu jani bado ni laini na linafunguka kwa urahisi. Mmea wenye manyoya mengi humchukiza. Mvua zikiisha, funza hulala ndani ya mabua makavu hata msimu ufuatao.

Kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni Marekani, Kaskazini na Kusini. Alionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyo kama pembe nne za sanduku karibu na mkia. Nondo wake aweza kuruka hata kilometa 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo. Basi mpaka wa Tunduma na Nakonde kwake si kitu. Mama hutaga mayai 100 hata 200 mahali pamoja, mara nyingi chini ya jani, akayafunika kwa manyoya ya mwili wake hata yakaonekana kama kipande cha ukungu. Katika maisha yake hutaga zaidi ya mayai 1,000. Mayai huanguliwa kwa siku chache tu wakati wa joto. Huyu si mwangalifu kama wenzake: wakiwa wengi hutaga hata juu ya nguzo na ukuta, maana watoto wake huning'inia kwa uzi mwembamba wakachukuliwa na upepo mpaka kwenye mimea ya jirani. Walakini kati ya mimea yote hupenda sana mhindi, na hasa mhindi mchanga.

Nondo wa vitumba. Viwavi wake hutoboa nyanya, maganda ya maharage, vichwa vya alizeti na ncha za magunzi. Mama hungojea mmea uchanue, kwa kuwa hapo hupata mbochi yake mwenyewe na chakula cha watoto mahali pamoja. Hutaga yai moja moja karibu na maua au juu ya nywele za mahindi. Basi siku za kuchanua ndizo siku za kukagua.

5. Jinsi mama anavyoweza kudanganywa

Kwa kuwa mama huongozwa na harufu, harufu yaweza kutumiwa kumpoteza njia. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE, huko Kenya, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walianza katika miaka ya 1990 kufundisha kilimo cha kufukuza na kuvuta. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa mmea uitwao desmodiamu, ambao harufu yake huwachukiza nondo. Kuzunguka shamba hupandwa mistari mitatu ya mabingobingo, ambayo harufu yake huwavuta. Mabingobingo hutoa harufu nyingi zaidi katika saa ya kwanza ya giza, na saa hiyo ndiyo nondo wa funza huanza kutafuta mahali pa kutaga.

Hivyo nondo hufukuzwa katikati na kuvutwa pembeni. Hutaga mayai yake juu ya mabingobingo akidhani amepata mahali pema. Lakini watoto wakianza kutoboa, mmea hutoa utomvu unatao, na wengi wao hufa. Tena desmodiamu huongeza rutuba, huzuia gugu la kiduha, na pamoja na mabingobingo ni chakula cha ng'ombe. Baadaye njia hii ilibadilishwa ili ivumilie ukame, kwa kutumia nyasi za brakiaria badala ya mabingobingo. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba katika mashamba ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania yaliyopandwa kwa njia hiyo, viwavijeshi vamizi walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko katika mashamba ya mahindi matupu.

Mkulima asiye na mbegu ya desmodiamu asikate tamaa. Katika mwaka huo huo utafiti wa Uganda ulionyesha kwamba mahindi yaliyochanganywa na maharage, soya au karanga yalipata madhara machache ya kiwavijeshi vamizi kuliko mahindi peke yake, hasa kabla ya kutoa mbelewele. Shamba la mmea mmoja ni kama mji wenye mlango mmoja ulio wazi. Shamba la mchanganyiko humchosha mgeni.

Wako pia wasaidizi ambao mkulima hawaoni. Ni nyigu wadogo sana ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai au miili ya viwavi. Nao huongozwa na harufu: jani lililotafunwa hutoa harufu tofauti na jani zima, na nyigu huifuata kama mtu afuataye moshi wa jikoni. Nyigu hao, wakiisha kukua, hunywa mbochi. Kwa hiyo maua machache ukingoni mwa shamba si uchafu; ni chakula cha walinzi.

6. Kazi za mkulima, kwa kufuata majira

Wakati wa kiangazi. Mabua yaliyobaki yasiachwe yamesimama shambani. Yakatwe yalishwe ng'ombe, au yafukiwe, au yalazwe chini juani ili funza walio ndani wafe. Mkulima alimapo, azikusanye zile kokwa zilizofukuliwa, au awaachie kuku.

Mvua za kwanza, Novemba hata Desemba. Majirani wapande kwa wakati mmoja, na mapema. Hili lina maana kubwa. Nondo hupenda mahindi machanga. Anayepanda mwezi mzima baada ya wenzake huwa ndiye peke yake mwenye chakula kizuri katika bonde, na nondo wote waliozaliwa katika mashamba ya wenzake humwendea yeye. Hasara yake haikuletwa na bahati mbaya wala na husuda ya mtu; imeletwa na tarehe.

Tangu kuota hata majuma sita. Kila juma, mara moja au mbili, mkulima apite shambani asubuhi. Asimame mahali patano mbalimbali, na kila mahali atazame mimea kumi: chini ya majani, ndani ya moyo wa mhindi, na penye kifuniko cha bua. Akiona rundo la mayai, alisage kwa vidole. Rundo moja likisagwa leo, viwavi mia na zaidi hawatazaliwa kesho kutwa. Watoto wa nyumbani waweza kufundishwa kazi hii kwa urahisi.

Katika viazi na miche ya machungwa. Viwavi wakubwa waokotwe kwa mkono. Ni kazi ya nusu saa, nayo haiui nondo wote wa pori watakaokwenda kwenye mipapai.

Katika mipapai. Miti dume isikatwe yote. Kwa kila miti jike kumi, ibaki mti dume mmoja, isipokuwa aina ile ambayo ua lake lina sehemu zote mbili. Kipande cha kichaka kilicho karibu kisichomwe ovyo.

7. Tahadhari juu ya dawa

Dawa za wadudu zina mahali pake, lakini hazina macho. Humwua kiwavi, na pia nyuki, nyigu na nondo aliyekuja kunywa mbochi. Maboga yana maua dume na maua jike, na bila nyuki ua jike hukauka na kuanguka. Alizeti hujaza punje vema zaidi ikitembelewa na nyuki, na mibuni ya Mbozi, ingawa huweza kuzaa yenyewe, huongeza matunda ikipata nyuki wengi.

Kwa hiyo mkulima afuate haya. Asinyunyize kabla ya kukagua. Asinyunyize mmea uliochanua. Ikiwa hapana budi, anyunyize jioni, nyuki wakiisha kurudi mzingani, na dawa ielekezwe ndani ya moyo wa mhindi, si kumwagwa shamba zima. Asichanganye dawa mbili kwa kubahatisha. Asinunue dawa iliyofunguliwa au isiyo na maandishi anayoweza kuyasoma. Kiwavi akiisha kujificha ndani ya bua, dawa ya juu haimfikii. Fedha ya mkulima humwagika bure. Mwenye shaka na amwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yake.

8. Yakumbukwe haya

Mama ndiye achaguaye, na kiwavi hula alipowekwa. Mama huongozwa na harufu, macho, ladha na kupapasa. Mmea mchanga, na mmea uliochanua, ndio unaohitaji kuangaliwa zaidi. Mayai ni rahisi kuyaharibu kuliko kiwavi, na kiwavi mdogo ni rahisi kuliko mkubwa. Na mdudu wa majani leo aweza kuwa mdudu wa maua kesho.

Maswali ya kuzungumza katika baraza la wakulima:

(a) Katika kijiji chetu, ni nani hupanda mahindi nyuma ya wenzake, na kwa sababu gani? Je, ni mbegu, ng'ombe wa kulimia, au wafanya kazi? Twaweza kumsaidiaje ili sote tupande pamoja?

(b) Ni mimea gani ichanuayo ukingoni mwa mashamba yetu, na ni wadudu gani huitembelea mchana na wakati wa magharibi?

(c) Msimu uliopita tuliona mayai kwanza, au tuliona matobo kwanza? Kama tuliona matobo kwanza, ni siku ngapi tulichelewa kukagua?